Shajara ya mradi: msingi wa nyumba kwenye mfinyanzi, katika ukanda wa matetemeko

Kabla ya kuchimba

Nyumba ni ya chini, haina ghorofa, kuta za tofali, mita 12 kwa 9. Kiwanja kiko kwenye ukanda wa matetemeko na udongo wake ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi kimeupasua vibaya. Nyufa za juu zinapitisha vidole vitatu, na nondo nyembamba tuliyoichomeka kwenye ufa mmoja ilizama karibu mita nzima kabla ya kugota. Maana yake ni kwamba udongo hadi kina hicho hunyauka jua likikaza na huvimba mvua zikirudi, na chochote kitakachokaa juu yake kitapandishwa na kushushwa mwaka hadi mwaka.

Naandika shajara hii kwa ajili ya mwenye nyumba na mafundi watakaokuja baadaye kuongeza chumba au kutoboa ukuta. Wana haki ya kujua kilichofukiwa chini.

Jambo moja naliweka wazi mapema kwa sababu ndilo litakaloongoza kila uamuzi. Watu huzungumzia mfinyanzi na tetemeko kama shida mbili, kila moja na mtaalamu wake. Kwa nyumba ni shida moja. Mfinyanzi hufanya kazi polepole: unapinda mkanda (boriti la zege la msingi) milimita chache kila msimu, unafungua ufa kwenye kona ya dirisha, unalegeza ukuta na nguzo pale vinapokutana. Tetemeko likifika linaikuta nyumba ambayo nguvu zake zimeshaliwa. Msingi huu tunaujenga ili nguvu hizo zibaki salama hadi zitakapohitajika.

Mashimo ya uchunguzi

Tumechimba kwenye kona na katikati, kisha tukashusha keekee ya udongo hadi ikagonga mwamba kwenye mita 6. Maji ya chini ya ardhi hatukuyakuta. Tabaka la mchanga uliolegea pia halipo, na hilo limenipa ahueni kubwa, kwa kuwa mchanga uliojaa maji unaweza kugeuka uji wakati wa mtikisiko na kumeza nyumba upande mmoja. Mfinyanzi wenye mnato mkubwa hauyeyuki hivyo, ingawa ukiwa laini sana nao hupoteza nguvu ukitikiswa mfululizo.

Kina cha mwamba kilinifanya nikae na kalamu. Kila tabaka la udongo lina mdundo wake wa kutikisika, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, na kipimo cha haraka ni kuzidisha kina kwa 4 kisha kugawa kwa kasi ya mawimbi ya kukata (yanayotikisa udongo kwa ubavu) yanayopita ndani yake. Kwa mita 6 na kasi ya mita 180 kwa sekunde, jibu ni takriban sekunde 0.13. Nyumba ya tofali isiyo na ghorofa hutikisika kwa mdundo wa sekunde 0.1 hadi 0.2. Midundo hiyo miwili inakaribiana mno, na ikikaribiana hivyo udongo na nyumba hutikisika pamoja na mtikisiko hukua.

Mji wa Mexico uliona jambo hili kwa upande wake wa pili. Tetemeko la Septemba 19, 1985, lenye ukubwa wa 8.0, lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini. Sehemu ya mji iliyojengwa juu ya mfinyanzi wa ziwa la kale ilitikisika kwa mdundo wa sekunde 2 hivi, na yaliyoumia zaidi ni majengo ya ghorofa 6 hadi 15, ambayo mdundo wao uliangukia hapohapo. Nyumba nyingi za chini za jirani zilisalimika. Kwa hiyo mtu akisema tu kwamba mfinyanzi hukuza tetemeko, ameacha nusu ya habari. Inabidi aseme mfinyanzi wa kina gani, na chini ya nyumba ya aina gani. Mfinyanzi wetu ni mfupi, na nyumba fupi ndiyo inayoufuata.

Majibu ya maabara

Nilikwenda kuangalia kipimo cha mnato kinavyofanywa, kwa sababu namba ya karatasini haikai kichwani mpaka uone mkono ulioitoa. Fundi wa maabara aliloanisha udongo uliochekechwa, akachukua kidonge, akauviringisha juu ya kioo kwa kiganja hadi ukawa uzi wa milimita 3. Akaufinyanga tena, akauviringisha tena. Kila mara udongo ulipoteza unyevu kidogo, na kila mara uzi ukakubali kutoka bila kukatika. Ulichukua muda mrefu kabla ya kuanza kuvunjikavunjika kwenye unene uleule. Unyevu wa hapo ndio kikomo cha chini cha mnato. Kikomo cha juu ni pale udongo unapoanza kutiririka.

Kwetu kikomo cha juu kimetoka asilimia 68, cha chini 27, tofauti 41. Ikizidi 35, wahandisi wengi huuweka udongo kwenye kundi la uvimbe mkubwa sana. Salfeti, aina ya chumvi za ardhini, ni kidogo, na nilisisitiza zipimwe mapema kwa sababu ya chokaa, ambayo huchanganywa na mfinyanzi kuupunguzia mnato. Chokaa ikikutana na salfeti nyingi ardhini huzaa madini yanayovimba kuliko hata mfinyanzi wenyewe, na dawa inageuka ugonjwa.

Kuchagua aina ya msingi

Mwenye nyumba alitaka msingi wa mawe wa kawaida, kwa hoja kwamba mawe ni mazito na yatakandamiza udongo. Nilimwonyesha hesabu. Nyumba ya chini, uzito wake ukitandazwa kwenye jamvi zima (bamba la zege chini ya nyumba yote), hubonyeza ardhi kwa kilopaskali 10 hadi 20. Mfinyanzi wa aina hii ukinyimwa nafasi ya kuvimba unaweza kusukuma kwa zaidi ya 200. Kwa uzito hatushindi. Na mawe yaliyounganishwa kwa mchanga na saruji hayana nguvu ya kuvutwa: yakipindwa yanaachana, yakitikiswa yanaachana zaidi.

Njia ya pili ilikuwa nguzo za kuchimbwa hadi kwenye mwamba, na mkanda uliopita juu kukiwa na upenyo chini yake, ili udongo uvimbe bila kuugusa. Ni njia nzuri kwa uvimbe. Lakini upenyo huohuo unaondoa msuguano kati ya mkanda na ardhi, hivyo tetemeko likisukuma kwa ubavu mzigo wote unabebwa na vichwa vya nguzo. Vichwa hivyo hudai ringi (nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo kubwa) za karibukaribu na mikanda ya kuvifunga pande zote mbili, na penye kasoro moja tu ndipo patakapokatika. Kwa nyumba kubwa au uvimbe mbaya zaidi ningeichagua. Hapa nimeona tuiache.

Tumechagua jamvi lenye mikanda ya ndani, vyote vikimwagwa kwa pamoja. Mikanda minne kwa urefu, minne kwa upana, kila mmoja upana wa milimita 300 na kimo cha 700 kutoka uso wa jamvi, na kati yake jamvi la milimita 150. Sinia likiinuliwa upande mmoja, vikombe vyote huenda nalo pamoja. Ndivyo nyumba hii inavyotakiwa kuhama, kwa kipande kimoja.

Kuchimba

Tumeshuka mita 1 kwenye eneo lote la nyumba na kutokeza mita 1.5 nje ya kuta kila upande. Udongo mweusi unatolewa kabisa, na mahali pake patajazwa moramu yenye mnato mdogo.

Vibarua waliuliza kwa nini tusijaze kokoto tupu, ambayo haivimbi hata chembe. Ni swali la maana. Kokoto tupu ndani ya shimo la mfinyanzi ni beseni: maji ya mvua yanapenya juu, yanatua chini, hayana pa kutokea, na mfinyanzi wa kuzunguka unakunywa mwaka mzima. Moramu yenye chembe laini kiasi ikishindiliwa hupitisha maji kwa shida sana, na hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta.

Mvua imetuwahi

Imenyesha usiku wa Jumatano, kabla hatujaanza kujaza. Asubuhi chini ya shimo palikuwa na ute unaomeza buti. Tulivuta maji kwa pampu, tukakwangua tabaka lote lililolainika, kisha tukachanganya chokaa kwenye milimita 150 za chini kwa asilimia 5 ya uzito wa udongo mkavu. Kalisi ya chokaa inachukua nafasi kwenye chembe za mfinyanzi, chembe zinashikana katika vinundu, na mnato unashuka. Tuliufunika kwa nailoni, tukauacha hadi kesho yake, tukauvuruga upya na kuushindilia. Udongo uliokuwa ukinata kwenye koleo sasa unamwagika wenyewe.

Baadhi ya mafundi husubiri jua likaushe shimo mpaka lipasuke, kisha humwaga zege juu ya nyufa. Udongo uliokauka hivyo una kiu, na utavimba chini ya zege baada ya muda mfupi. Sisi tunaupenda uwe na unyevu unaozidi kidogo ule wa kushindiliwa vizuri, kisha unyevu huo ufungiwe usitoke.

Kujaza na kushindilia

Matabaka ya milimita 150, kila moja lishindiliwe hadi asilimia 95 ya msongamano wa juu uliopimwa maabara. Tabaka moja lilikataa, likanyunyiziwa na kurudiwa. Mengine hayana habari.

Nondo

Hapa ndipo nilipokaa kuliko popote.

Fundi nondo ni mzee wa kazi, na alishazoea kuweka nondo nene chini ya mkanda na nyembamba mbili juu za kushikilia ringi. Mchoro wetu una tatu za milimita 16 chini na tatu za milimita 16 juu. Akaniuliza kama haikuwa makosa ya mchoraji.

“Mzee wangu, mchoro uko sawa,” nikamwambia, tukachuchumaa nikamchorea ardhini. Mvua zikianza, maji huufikia mfinyanzi wa pembeni kwanza. Kingo za nyumba zinainuka, katikati panabaki, na mkanda unanepa kama unavyonepa boriti wowote. Hapo nondo za chini zinafanya kazi. Miaka ikipita hali inageuka: chini ya jamvi jua halifiki, unyevu unakusanyika na katikati panainuka, huku kingo zikikauka na kushuka kila kiangazi. Mkanda sasa unapinda kinyume, na kinachovutwa ni uso wa juu. Tetemeko nalo halichagui upande. Linapinda huku na kule ndani ya sekunde moja. Alinyamaza kidogo, akasema, “Basi hizi za juu ndizo za uzeeni.” Tangu hapo hakuna aliyelazimika kumsimamia.

Ringi ni za milimita 8, kila milimita 200 katikati ya mkanda na kila 100 karibu na nguzo. Mikia yake imepindwa nyuzi 135, ikaingizwa ndani ya moyo wa zege kwa milimita 75 na zaidi. Mkia wa nyuzi 90 hulala kwenye ganda la nje. Ganda likibanduka wakati wa mtikisiko mkia unafunguka, na nondo kubwa zinabaki bila wa kuzishika. Kuipinda ringi kwa nyuzi 135 kunahitaji kidude cha ziada kwenye meza ya kupindia na sekunde chache za mkono, na bado ndilo jambo la kwanza kurukwa kwenye saiti nyingi. Nimekagua kona moja baada ya nyingine, na zilizopindwa nusunusu zimerudi mezani.

Maungio ya nondo za 16 yamepishana kwa milimita 800, yaani mara 50 ya unene, na hayakukutana mahali pamoja. Kwenye kona nondo haikatwi. Inageuka na kuingia mkanda wa pili. Nondo za kuotesha nguzo zimeshuka hadi chini ya mkanda na kukunjwa miguu. Nguzo iliyoishia kwenye unene wa jamvi tu haijashikwa na kitu.

Kwa wenye nyumba za kuta za mbao, mahali pa nondo hizi huchukuliwa na boliti za nanga. Kanuni za makazi za Marekani hutaka boliti ya nusu inchi, karibu milimita 13, izame ndani ya zege kwa inchi 7, zisiachane zaidi ya futi 6, na kwenye maeneo ya tetemeko kali iwe na washa bapa ya mraba wa inchi 3. Kule California nyumba nyingi za mbao ziliteleza na kudondoka kutoka kwenye misingi iliyobaki mizima, kisa boliti hizo hazikuwepo.

Biskuti za zege zimewekwa chini na pembeni ili nondo zipate kifuniko cha milimita 75 upande wa udongo. Vipande vya mbao na vigae tumevikataza, maana vinaacha njia ya maji hadi kwenye chuma.

Mabomba

Kazi ndogo kwa macho, lakini ndiyo inayounganisha hatari zote mbili. Tetemeko likikata bomba chini ya jamvi, maji yanavuja kimya kimya kwa miezi, mfinyanzi unavimba mahali pamoja, na nyumba iliyonusurika mtikisiko inapasuliwa na uvujaji. Kwa hiyo bomba la maji safi halipiti chini ya jamvi. Linaingia kutoka nje, juu ya usawa wa ardhi. La maji taka halina budi kupita, basi limepita ndani ya bomba kubwa zaidi katikati ya kimo cha mkanda, na nafasi ya milimita 25 kuzunguka ikajazwa kitu laini. Nje ya msingi tumeweka maungio yanayokubali kucheza. Hakuna nondo iliyokatwa kupisha bomba. Bomba moja lilihamishwa badala yake.

Siku ya zege

Takriban mita za ujazo 30, mashine mbili za kuchanganyia, vaibreta (mashine ya kutikisa zege litoe hewa) mbili na ya tatu ya akiba. Nia ilikuwa kumaliza siku hiyohiyo, kwa sababu zege likiganda nusu kisha likaongezewa jingine, hapo katikati panabaki mshono, na mshono ndio mahali tetemeko linapotafuta.

Nguvu iliyokusudiwa ni megapaskali 25. Maji hayazidi nusu ya uzito wa saruji: mfuko wa kilo 50, lita 25, na humo unahesabiwa unyevu uliomo tayari kwenye mchanga. Mchanga wa asubuhi ulikuwa umelowa umande, tukapunguza. Kufikia saa sita mchana ulikuwa umekauka, tukarudisha. Msimamizi wa mashine alikuwa na ndoo iliyowekwa alama, na hakuna aliyeruhusiwa kuongeza maji ili zege liteleze kirahisi kwenye toroli. Kishawishi ni kikubwa jua linapowaka na mikono imechoka, naelewa. Lakini kila lita ya ziada inaacha vitundu zege likikauka, na vitundu hivyo ni nguvu iliyopotea.

Koni ya kupimia ulaini, yenye kimo cha milimita 300, ilipoinuliwa zege lilishuka kati ya 75 na 100 kila mara. Mikanda ilijazwa kwanza, jamvi likafuata nyuma bila kusubiri ili vishikane. Vaibreta ilizamishwa wima, ikasubiriwa hadi mapovu yaishe, ikatolewa polepole. Mmoja wa vijana alianza kuitumia kulisukuma zege kwenda mbele. Kokoto zinabaki nyuma na uji unatangulia. Alionyeshwa, akaacha, na jioni alikuwa ndiye anayewaonyesha wengine.

Kumwagilia

Siku saba chini ya magunia mabichi na nailoni. Tofali za majaribio za zege zilizovunjwa siku ya saba zimepita theluthi mbili ya nguvu tunayoitaka. Za siku ya 28 bado.

Kuzunguka nyumba

Ningependa ukurasa huu usomwe na mwenye nyumba kuliko mingine yote, kwa sababu sehemu hii ya msingi iko mikononi mwake. Ardhi imesawazishwa iteremke kutoka ukutani kwa milimita 150 ndani ya mita 3 za kwanza. Kuna kibaraza cha zege cha upana wa mita 1.5, hakijafungwa kwenye nyumba kwa nondo; mwanya kati yake umezibwa kwa lami laini ili kila kimoja kicheze kivyake. Maji ya mabati yatapokelewa na mifereji na kutolewa mbali zaidi ya mita 3. Shimo la maji taka limesogezwa upande wa bondeni.

Miti nayo ipandwe kwa umbali usiopungua kimo chake ikikomaa. Mti mkubwa hunyonya unyevu kutoka chini ya kona moja, kona inashuka, na kuukata baadaye si suluhisho la haraka, kwa kuwa udongo uliokuwa umenyonywa unaanza kuvimba upya. Bustani ya kumwagiliwa kila siku ikigusa ukuta mmoja tu inafanya uharibifu uleule kwa njia ya kinyume. Unyevu ukae sawa pande zote; hata udongo wa kuzunguka nyumba ukibaki na unyevunyevu kiasi wakati wa kiangazi kirefu, ni sawa, mradi ni pande zote.

Vipimo vya kuanzia

Tumepachika vichwa vya boliti kwenye kona nne na katikati ya kila upande, tukasoma usawa wake kwa levo kutoka alama iliyowekwa mbali na nyumba, kwenye jiwe lililoshika mwamba. Tofauti iliyozoeleka kuruhusiwa ni 1 kwa 500: kwenye mikanda iliyoachana mita 4, hiyo ni milimita 8. Ikifika 1 kwa 300, kuta za tofali huanza kupasuka. Usomaji unaofuata ni baada ya mvua za kwanza, mwingine mwisho wa kiangazi, na mwenye nyumba ameonyeshwa jinsi ya kusoma kwa mpira wa maji endapo levo haitapatikana.

Kuta zinaanza Jumatatu. Tofali zitatangulia, pembeni zikiachwa na meno, kisha zege la nguzo limwagwe kati ya meno hayo ili ukuta na nguzo vishikane. Nondo za nguzo zimefungwa plastiki zisipate kutu, na fundi nondo ameshaanza kupinda ringi za mkanda wa juu, nyuzi 135.